Wakala ananiambia nisiitaje pumu kwenye fomu ya bima. Nimsikilize?

Mpendwa Mshauri,

Salamu kutoka Kampala. Mimi ni binti wa miaka 20, mwenyeji wa Arua, na mwezi wa nane nitaingia mwaka wa pili wa shahada ya miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja cha binafsi. Ada yangu analipa mama, ambaye anauza vitenge sokoni Arua na ni mwanachama wa SACCO ya wafanyabiashara wenzake. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi.

Nina pumu tangu utotoni. Kwa kawaida hainisumbui sana, lakini muhula uliopita, baada ya wiki ya vumbi jingi karibu na hosteli yetu ambako barabara inajengwa, nilishikwa usiku nikapelekwa hospitali ya binafsi iliyokuwa karibu, nikalazwa siku mbili. Bili ilifika shilingi 640,000. Mama alikopa SACCO ili niruhusiwe kuondoka, na deni hilo hajalimaliza hadi leo. Tangu siku hiyo amekuwa akinisisitiza nitafute bima ya afya, na amesema atajitahidi kupata fedha.

Kaka wa mwenzangu wa chumbani ni wakala wa bima, naye ameniletea mapendekezo mawili ya kampuni moja. La kwanza ni la kulazwa tu, shilingi 420,000 kwa mwaka, na kikomo chake ni shilingi milioni 10. La pili linaongeza matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa, hadi shilingi 800,000, lakini gharama yake ni shilingi 1,180,000 kwa mwaka, na kila ninapokwenda kumwona daktari nitachangia shilingi 15,000. Kwenye karatasi aliyonipa imeandikwa kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba, iwapo umetajwa kwenye fomu, utagharamiwa kuanzia mwaka wa pili, hadi shilingi milioni 2. Nilipomwambia habari za pumu alicheka, akasema nisiiandike kabisa, kwa sababu nikiandika nitacheleweshwa bure, na kwamba "watu wote hufanya hivyo". Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na amesema fedha nizitume kwenye simu yake ili aniharakishie.

Jambo jingine ni kwamba mjomba wangu anafanya kazi katika shirika moja mjini Gulu, lenye bima nzuri ya familia. Amejitolea kuniandikisha kama mtoto wake wa kumzaa ili nisilipe chochote. Mama anaona aibu, lakini mimi naona ni njia rahisi. Kwa mwaka mzima uliopita, ukiacha kule kulazwa, nadhani nilitumia chini ya shilingi 300,000 kwa malaria, vidonda vya tumbo na dawa ya kuvuta ya pumu.

Nichague lipi?

Mwanafunzi kutoka Arua

*

Mwanangu,

Umeniuliza uchague lipi kati ya mapendekezo mawili, lakini swali zito katika barua yako ni lile la fomu, na nitaanza nalo, kwa sababu ukikosea hapo mengine yote hayatakuwa na maana.

Andika pumu. Iandike wazi, pamoja na mwaka ulioanza kutibiwa, dawa unazotumia, na habari ya kulazwa kwako muhula uliopita. Mkataba wa bima husimama juu ya maelezo ya mwenye kuomba, na kampuni inayogundua kwamba ilifichwa jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake inaweza kukataa kulipa, na hata kuuvunja mkataba wenyewe. Wala usidhani kugundua ni kazi ngumu. Fikiria umefika hospitali kifua kimebana: swali la kwanza la daktari ni hali hii ilianza lini, nawe, au rafiki aliyekuleta, mtajibu kwamba ni tangu utotoni, na jibu hilo litaandikwa kwenye faili. Hospitali inapoomba kibali cha kulipwa, maelezo hayo hayo ndiyo yanayotumwa kwa kampuni. Hutaweza kumdanganya daktari wakati pumzi inakukatika, na ni vizuri kwamba hutaweza.

Sasa isome tena ile karatasi uliyoletewa, maana wakala wako anakushauri kinyume cha maandishi ya kampuni yake mwenyewe. Imeandikwa kwamba ugonjwa uliotajwa utagharamiwa kuanzia mwaka wa pili. Maana yake ni kwamba ukiitaja pumu leo, na ukaendelea kulipia bila kukatiza, utakapofika mwaka wako wa mwisho chuoni utakuwa na shilingi milioni 2 kwa ajili ya ugonjwa huo, kiasi kinachozidi mara tatu bili iliyomfanya mama yako akope. Usipoitaja, haki hiyo hutaipata mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa kumi. Huko kucheleweshwa anakokutisha nako kutakupata kwa vyovyote vile. Tofauti ni kwamba aliyesema kweli anasubiri kitu, na aliyeficha hasubiri chochote. Ukitaka kumpima huyo kijana, mwombe akuandikie ushauri wake kwa barua ya kampuni na kutia sahihi. Nina hakika hutaiona barua hiyo.

Wakala hulipwa kamisheni kwa kila mkataba anaouza, na kufika mwisho wa mwezi bila kuuza kunamhusu yeye, si wewe. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Hata hivyo, bima huuzwa mwaka mzima, na tarehe pekee inayopaswa kukuharakisha ni ile ya kurudi chuoni. Kuhusu kumtumia fedha kwenye simu yake, usifanye hivyo hata kama ni kaka wa rafiki yako wa karibu. Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, udai risiti, na usijihesabu kuwa una bima hadi umepata mkataba kamili na kadi yako. Kabla ya hayo yote, hakikisha kampuni na wakala wote wawili wana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, ambayo wengi tunaifahamu kwa herufi zake, IRA. Mamlaka hiyo, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017, hutangaza orodha ya waliopewa leseni, na ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja. Utakuta humo kampuni za bima za kawaida na pia mashirika ya uanachama wa afya, ambayo baadhi yake yana kliniki zake yenyewe. Aina zote mbili zinaweza kukufaa, mradi zimo kwenye orodha.

Tuje kwenye hesabu ya mapendekezo yako. Tofauti ya bei kati ya la kwanza na la pili ni shilingi 760,000, na kwa fedha hizo unapewa matibabu ya nje yasiyozidi shilingi 800,000. Kwa hiyo hata ukiugua mwaka mzima na kukitumia kikomo chote hadi shilingi ya mwisho, utakuwa umepata faida ya shilingi 40,000 tu, na ukishachangia shilingi 15,000 mara tatu mlangoni kwa daktari, faida hiyo imekwisha na umeanza kula hasara. Wewe mwenyewe unasema ulitumia chini ya shilingi 300,000 kwa mwaka, tena sehemu ya fedha hizo ni ya dawa ya pumu, ambayo mwaka wa kwanza hawatailipia. Pendekezo la pili linaweza kumfaa mzazi mwenye watoto wadogo wanaougua kila mwezi, au mtu ambaye mwajiri wake ndiye anayelipa. Kwako wewe ni kumpa mtu fedha zako akutunzie, kisha akurudishie kidogo kidogo, akikata ushuru kila unapozidai.

Bima inafaa zaidi kwa bili ile ambayo familia haiwezi kuilipa bila kuuza kitu au kukopa. Malaria ya siku tatu haimwangushi mfanyabiashara wa vitenge, lakini mguu uliovunjika kwa boda boda, kidole tumbo kinachohitaji upasuaji usiku, au wiki moja ya kulazwa, vinaweza kumaliza mtaji wa sokoni pamoja na ada ya muhula. Ndiyo maana, kati ya mawili uliyoletewa, ninaona la kulazwa tu ndilo lenye maana, kwa sharti kwamba mama anaweza kutoa hizo 420,000 bila kugusa ada na bila mkopo mwingine. Ikiwa hawezi, amalize kwanza deni la SACCO, nawe uweke akiba kidogo kidogo, kwa sababu kukopa kwa riba ili kununua bima isiyogusa pumu kwa mwaka mzima ni kujiongezea mzigo.

Najua utaniuliza: na huo mwaka wa kwanza, pumu ikinishika tena? Hapo ndipo zile 760,000 ambazo hukuzitoa zinapopata kazi, au hata robo yake. Watu wengi wenye pumu hutegemea dawa ya kufungua kifua wakati wa shambulio peke yake, na hawatumii ile ya kuvuta kila siku ambayo hupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa na kuzuia mashambulio yasitokee. Mimi si daktari na siwezi kukuandikia dawa, lakini barua yako inataja dawa moja tu, na mtu aliyelazwa kwa pumu miezi michache iliyopita anastahili kupimwa upya. Pale Mulago kuna Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, yenye kliniki ya magonjwa ya kifua. Nenda kabla muhula haujaanza, uliza kuhusu dawa ya kinga, na uombe mpango ulioandikwa wa nini cha kufanya kifua kinapoanza kubana. Kulazwa kunakozuiwa ni nafuu kuliko kulazwa kunakolipiwa na bima yoyote. Halafu uombe kubadilishiwa chumba, uwe mbali na ile barabara inayojengwa.

Kwa malaria na tumbo, anza na kliniki ya chuo. Vyuo vingi hutoza fedha ya matibabu ndani ya ada nyingine za muhula, na wanafunzi hulipa miaka mitatu bila hata kujua mlango wa kliniki uko wapi. Uliza ofisi ya mshauri wa wanafunzi fedha hiyo inagharamia nini: kumwona daktari peke yake, au pamoja na vipimo na dawa, na kama wana makubaliano na hospitali yoyote kwa mgonjwa anayezidiwa. Kuna pia vituo vya afya vya serikali, kama vile Kisenyi na Kawaala hapa Kampala. Malipo katika vituo vya serikali yalifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Sitakuficha kwamba foleni ni ndefu na kwamba mara nyingine unaandikiwa dawa ukanunue nje, lakini kupimwa malaria hakuhitaji bima ya shilingi milioni moja.

Bima ya taifa usiisubiri. Bunge lilipitisha muswada wake tarehe 31 Machi 2021, lakini haukupata sahihi ya Rais, na hadi hapo itakapokuwapo kila mmoja wetu ananunua kivyake.

Kuhusu mjomba, mama yako ana haki ya kuona aibu. Kuandikishwa kama mtoto wa kuzaliwa wakati si hivyo ni udanganyifu, na atakayeulizwa na mwajiri ni mjomba wako, si wewe. Lakini isiwe sababu ya kuufunga mlango kabisa. Baadhi ya mikataba ya waajiri huwakubali watoto wanaolelewa kisheria, na mingine huruhusu mfanyakazi kumwongeza ndugu kwa kulipa tofauti kutoka mfukoni. Aulize ofisi ya rasilimali watu kwa uwazi, akisema wewe ni mpwa wake, aulize pia mwisho wa umri kwa anayesoma, na jibu lolote watakalotoa litakuwa halali.

Kabla ya kutia sahihi popote, omba mkataba wenyewe, si karatasi ya matangazo, uusome ukiwa peke yako bila wakala pembeni. Angalia kwanza orodha ya hospitali. Wewe unaishi Kampala wakati wa muhula lakini likizo ndefu unaimalizia Arua, na kadi inayokubaliwa Nakasero na Nsambya tu itakuwa pambo ukiwa nyumbani. Uliza ni hospitali zipi za Arua zimo kwenye orodha, kisha zipigie simu wewe mwenyewe, kwa sababu orodha zilizochapishwa huchelewa kubadilishwa pale hospitali inapositisha huduma kwa kampuni isiyolipa madeni yake kwa wakati. Uliza pia kama kuna njia ya kurudishiwa fedha ukitibiwa nje ya orodha wakati wa dharura, na ni nyaraka gani watakazozihitaji.

Kikomo cha milioni 10 kitazame kwa utulivu. Kwa upasuaji wa kawaida katika hospitali za misheni kama Lubaga au Mengo kinaweza kukupeleka mbali, lakini katika wimbi la pili la UVIKO-19, mwaka 2021, wapo waliotozwa mamilioni ya shilingi kwa siku moja katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali za binafsi, na kwa bei kama hizo kikomo chako hakimalizi hata wiki. Kwa hiyo uliza kama ndani ya hizo milioni 10 kuna vikomo vidogo: cha kitanda kwa siku, cha upasuaji, cha chumba cha mahututi, cha gari la wagonjwa. Waambie wenzako wa hosteli pia kwamba fedha zikikaribia kwisha, wasione haya kuomba uhamishiwe hospitali ya serikali mapema, kabla bili haijavuka.

Kipindi cha kusubiri nacho hutofautiana. Kwa kawaida ajali hulipiwa tangu bima inapoanza, magonjwa ya kawaida baada ya wiki kadhaa, na uzazi baada ya miezi mingi. Kwa upande wa ajali, soma kwa makini sehemu ya mambo yasiyogharamiwa, hasa inayozungumzia pombe, na uulize kama abiria wa boda boda asiyevaa kofia ngumu atalipiwa. Vilevile jua namba ya simu ya kuomba kibali kabla ya kulazwa, na muda unaoruhusiwa kutoa taarifa baada ya dharura; iandike nyuma ya kadi, na mwenzako wa chumbani awe nayo, kwa kuwa atakayepiga simu usiku huo huenda asiwe wewe.

Nimeacha mwisho jambo ambalo huenda likakufaa kuliko mapendekezo yote mawili, nalo ni bima ya kikundi. Mtu mmoja anapokwenda kuomba bima peke yake, kampuni hushuku kwamba anaumwa, na mara nyingi haikosei, ndiyo maana humwekea masharti makali. Kikundi chenye wazima na wagonjwa hupunguza shaka hiyo. Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, iliielewa kanuni hiyo zamani: ilipoanzisha bima yake ya jamii mwaka 1996 haikuandikisha mtu mmoja mmoja, bali ilitumia vikundi vya engozi, vile vyama vya kijiji vya kubebana kwa machela, na kutaka familia nyingi za kikundi zijiunge kwa pamoja. Kampuni nyingi za Kampala nazo huuza mikataba ya vikundi, yenye bei ya chini kwa kila mtu na, katika baadhi ya mikataba, magonjwa ya zamani hugharamiwa tangu mwaka wa kwanza.

Wewe una milango miwili ya namna hiyo. Mmoja ni serikali ya wanafunzi ya chuo chenu, ingawa nisingeuwekea matumaini makubwa, kwa kuwa viongozi wake hubadilika kila mwaka na mpango mzuri hufa pamoja na kampeni iliyouzaa. Mwingine ni ile SACCO ya mama. Mwombe, kabla hajatoa hata shilingi moja kwa kaka wa rafiki yako, aulize kwa meneja kama wanachama wana bima ya kikundi au wanafikiria kuwa nayo, kama mtoto wa miaka 20 anayesoma anakubaliwa, na kama pumu iliyotajwa kwenye fomu italipiwa tangu mwanzo au baada ya kusubiri. Wakikuambia ipo, niandikie tena ukiwa na mikataba yote miwili, nasi tutailinganisha kifungu kwa kifungu.

Mshauri wako